UZI: Laptopu ya zamani, Rosegarden, na jinsi ya kuipata rasti yenye robo yake

Ng'ambo_Kinanda

Assalaam alaykum wana jukwaa. Nawasalimu wote, wa Unguja na wa Pemba.

Uzi huu nauweka kwa ajili ya wapiga vinanda, khasa wa taarab, wenye laptopu ya zamani ndani ya nyumba ambayo wameshaambiwa haifai tena. Yangu niliambiwa hivyo. Fundi mmoja aliigeuza geuza mkononi akataka nimwachie aitoe vipuri. Ni Core 2 Duo, RAM ya GB 2, diski ya GB 160, betri imeshakufa. Hivi sasa ndiyo inayobeba mazoezi ya kikundi chetu: nyimbo zote zimo, wanafunzi wanafanya mazoezi juu yake hata siku ambazo mpiga fidla au mpiga akodiani hakuja.

Umri wa mashine haukunisumbua sana. Kilichonisumbua ni rasti, moja ya mizani za kiarabu tunazopigia taarab, na nitaieleza kwa urefu huko chini, kwa sababu sikuwahi kuona mtu akiieleza kwa lugha yetu.

Kwanza tuelewane kuhusu MIDI, maana wengi wanadhani ni sauti. MIDI haibebi sauti hata kidogo. Inabeba khabari tu: ufunguo nambari 64 umebonyezwa, kwa nguvu kiasi hiki, kwenye chaneli ya kwanza, sasa umeachiwa. Tangu ilipotoka mwaka 1983 waya wake unapitisha biti 31,250 kwa sekunde, na noti moja ni baiti tatu, kwa hiyo inapita kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Atari ST ya mwaka 1985 ilikuwa na tundu za MIDI mwilini mwake, RAM yake ikaanzia kilobaiti 512, na watu walifanyia kazi za studio. Basi mashine ya GB 2 si maskini. Kinachoilemea kompyuta ni kuzigeuza zile khabari ziwe sauti, si kuzipanga.

Nilivyofanya mimi:

Nilifungua laptopu kwanza, kabla ya kugusa programu yoyote. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na vumbi la nyumba nalo halina huruma. Feni ilikuwa imevaa koti. Nikaisafisha, nikabadilisha grisi ya prosesa. Mashine ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe, na sauti inaanza kukatika katika, halafu mtu anailaumu programu bure.

Halafu nikaweka Debian 12, mfumo wa Linux, na sura ya LXDE ambayo ni nyepesi. Windows XP iliyokuwemo nimeiondoa. Ilishaachwa kupewa marekebisho ya usalama tangu Aprili 8, 2014, na fleshi zinazozunguka baina yetu hapa zina virusi vya kila aina. Tena ile sauti ya MIDI inayokuja na Windows inachelewa: unabonyeza, unasubiri, ndiyo inalia. Kwa mtu anayepiga dumbaki ubavuni mwako hilo halivumiliki.

Programu zenyewe nilizivuta usiku, kifurushi cha usiku kikiwa rahisi:

sudo apt install rosegarden fluidsynth qsynth fluid-soundfont-gm alsa-utils

Rosegarden ndiyo sikwensa, yaani daftari la kupangia noti. FluidSynth ndiyo inayotoa sauti. fluid-soundfont-gm ni faili la ala, lina uzito wa kama megabaiti 140, na linaingia lote kwenye RAM, kwa hiyo usifungue kivinjari cha intaneti wakati unapiga.

Kinanda changu ni cha zamani, kina zile tundu duara za pini tano. Nikanunua waya wa MIDI kwenda USB. Hauhitaji draiva. Ukiuchomeka, andika

aconnect -l

na utauona kwenye orodha. Ukiuona lakini kinanda hakisikiki, badilisha zile plagi mbili. Iliyoandikwa IN mara nyingi inataka kuingia kwenye OUT ya kinanda, kwa sababu ni IN ya kompyuta. Jioni nzima ilinipotea hapo.

Rosegarden ikifunguka itakwambia JACK, programu ya kupitishia sauti, haipo. Kama hurekodi sauti ya mdomo au ya udi, achana nayo; MIDI inakwenda bila JACK. Lakini ikikwambia saa ya mfumo ni nzito, hilo lisikilize:

sudo modprobe snd-hrtimer

Kisha liandike neno snd-hrtimer kwenye faili /etc/modules ili lijipakie kila unapowasha. Bila hivyo mapigo yanayumba, na mdundo wa taarab ukiyumba hata msikilizaji asiyejua muziki anageuza shingo.

Nikapanga wimbo wangu wa kwanza. Akodiani nikaiweka ala nambari 22, fidla 41. Ganuni haimo katika zile ala 128 za kawaida, wala udi, kwa hiyo ganuni nikaazima dulcimer, nambari 16, na udi nikaazima gitaa la nailoni, 25. Ngoma zote chaneli ya 10: kongo ufunguo 62 mpaka 64 badala ya dumbaki, tambarini 54 badala ya rika. Si sawasawa na vyenyewe, lakini kwa mazoezi inatosha.

Nikamwita mzee wetu wa ganuni aje asikilize. Alisikiliza ubeti mmoja, akasema: "Mwanangu, hii si rasti. Hii ni nyimbo ya skuli." Akaondoka kwenda kuswali.

Naendelea chini, umeme unacheza cheza.

---

Mtemani_Wete

Wa alaykum salaam ustadh. Endelea tafadhali, tunakusubiri huku Wete. Mzee kasema kweli. Mimi nimesikia nyimbo nyingi siku hizi zimepigwa kinanda tupu, maneno mazuri, mwimbaji mzuri, lakini ile noti ya tatu imekaa mahali pasipo pake. Masikio yanakataa.

---

FundiDarajani

Mkuu, kazi nzuri. Swali moja: kwa nini usitumie kinanda chenye vitufe vya mizani ya kiarabu? Vipo, unabonyeza E na B zinashuka robo, kazi imekwisha.

---

Ng'ambo_Kinanda

Ahsanteni. Umeme umerudi.

FundiDarajani, swali lako ndiyo kiini chenyewe. Vitufe vile vinashusha sauti ndani ya kinanda chenyewe tu. Ukichomeka waya wa MIDI, kinachopita ni "ufunguo 64". Hakuna mahali katika khabari ile panaposema ni 64 iliyoshushwa. Kompyuta ikiupokea inalia E ya kizungu kamili. Ndiyo yaliyonipata: kwenye spika ya kinanda nasikia rasti, kwenye kompyuta nasikia nyimbo ya skuli, na vidole ni vile vile.

Sasa kwa wasiojua nini kinakosekana. Kinanda cha kawaida kimegawa oktava sehemu 12 zilizo sawa. Kila sehemu ni nusu toni, na nusu toni tunaihesabu senti 100. Rasti inayoanzia C inakwenda C, D, E iliyoshushwa robo toni, F, G, A, B iliyoshushwa robo, kisha C. Zile E na B hazimo katika ufunguo mweupe wala mweusi. Ziko katikati, senti 50 chini ya mweupe. Fidla inazipata kwa kidole, udi hauna vizuizi shingoni, ganuni ina vile vikono vidogo vya kupandisha na kushusha waya. Hizo ni ala zilizokuja na muziki huu tangu wazee walipokuwa wanaufuata Misri, na Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha hapa Unguja, imeanzishwa mwaka 1905, kwa hiyo masikio ya watu hapa yamezilea hizo robo kwa zaidi ya miaka mia. Kinanda kikiingia na kuzifuta, kinatufuta na sisi kidogo kidogo. Hilo nalisema kwa uchungu kwa sababu nafundisha vijana, na kijana akizoea E ya kizungu mpaka ana miaka ishirini, kumrudisha ni kazi ngumu mno.

Dawa nimeipata ndani ya FluidSynth. Ina amri za kutengeneza mizani yako mwenyewe, kwa senti, ufunguo kwa ufunguo. Hesabu yake ni nyepesi: nambari ya ufunguo mara 100. Ufunguo 64, E ya katikati, kwa kawaida ni senti 6400. Mimi nataka robo chini, kwa hiyo 6350. B ya juu yake ni 71, inakuwa 7050. Halafu unafanya hivyo kwa kila oktava, unapanda na kushuka kwa 12.

Fungua mhariri wa maandishi, andika haya, uyahifadhi kwa jina rast.txt:

tuning rast 0 0
tune 0 0 40 3950
tune 0 0 47 4650
tune 0 0 52 5150
tune 0 0 59 5850
tune 0 0 64 6350
tune 0 0 71 7050
tune 0 0 76 7550
tune 0 0 83 8250
settuning 0 0 0
settuning 1 0 0

Mistari miwili ya mwisho inaivika mizani hiyo chaneli. Hapa angalia sana: FluidSynth inahesabu chaneli kuanzia sifuri. Chaneli ya 1 ya Rosegarden kwake ni 0, ya 2 ni 1. Usiivike chaneli ya 10 ya ngoma, yaani 9 kwa hesabu yake, maana kule kila ufunguo ni ngoma nyengine na hakuna E wala B.

Kisha unaiwasha kutoka kwenye terminali:

fluidsynth -a alsa -m alsa_seq -r 48000 -z 256 -c 3 -R 0 -C 0 -o synth.polyphony=64 -f rast.txt /usr/share/sounds/sf2/FluidR3_GM.sf2

-R 0 na -C 0 zinazima mwangwi na ule uwingu wa sauti, ambavyo vinakula prosesa. 64 ni idadi ya sauti zinazoweza kulia kwa pamoja. Kawaida yake ni 256, kwa mashine hizi ni nyingi. -z na -c ndizo zinazoamua kuchelewa: 256 mara 3 ni sampuli 768, ukigawa kwa 48,000 unapata sehemu 16 za elfu za sekunde. Kidole hakihisi. Ikikatika katika, weka -z 512, zinakuwa sehemu 32, bado unaweza kupiga japo mpigaji mwepesi ataanza kuihisi.

Halafu ndani ya Rosegarden, kwenye usimamizi wa vifaa vya MIDI, unaielekeza kwenye FLUID Synth. Siku ile nilipogusa E ikalia mahali pake, wallahi nilinyamaza kimya peke yangu chumbani.

---

Binti_Vikokotoni

Ami, mashallah. Mimi napiga akodiani na nimefuata hatua zako, lakini kwangu aconnect inaonesha FLUID Synth mbili, na nikipiga nasikia E mbili zinagombana, moja ya kizungu na moja ya robo.

---

Ng'ambo_Kinanda

Binti yangu, hiyo ni huduma ya FluidSynth ambayo Debian inaiwasha yenyewe unapoingia. Izime moja kwa moja:

systemctl --user mask --now fluidsynth

Kisha washa ile ya kwetu. Na kama itakataa kwa kusema kifaa cha sauti kinatumika, ni PulseAudio, programu inayosimamia sauti ya mashine, imekikalia. Tanguliza neno hili mbele ya amri yote:

pasuspender --

---

Binti_Vikokotoni

Imekubali! Ahsante ami. Akodiani yangu ya mkononi haina hizo robo, leo ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti ya akodiani inaipiga rasti kama fidla. Mwili umenisisimka.

---

Mkoani_77

Salaam. Mimi niko Mkoani, nina kompyuta ya mezani Pentium 4, RAM megabaiti 512. Nisitie tamaa?

---

Ng'ambo_Kinanda

Tia, ndugu yangu, lakini njia yako ni nyengine.

Mashine yako pengine ni ya biti 32. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena CD ya kuifunga kwenye mashine hizo, ila Debian 12 bado inayo, na antiX, Linux nyengine, ni nyepesi zaidi. Kwa faili la ala chukua timgm6mb-soundfont, lina megabaiti kama 6 tu. Ubora wake ni mdogo, lakini RAM yako itakushukuru.

Au bora zaidi: usiiache kompyuta itoe sauti kabisa. Rosegarden ipange noti, izitume kwa waya kwenye kinanda, kinanda kilie. Kwa hapo RAM ya 512 inatosha. Na kama kinanda chako ni cha aina aliyoitaja FundiDarajani, chenye mizani ya kiarabu, hapo ndipo kitakufaa, kwa sababu sauti inatoka ndani yake mwenyewe na robo zake zinabaki.

---

FundiDarajani

Na asiye na kinanda hicho? Au nikitaka kumpelekea mtu faili la MIDI kwa WhatsApp, yeye ana kinanda cha kawaida na hana FluidSynth, robo si zinapotea?

---

Ng'ambo_Kinanda

Zinapotea, ndiyo. Kwa hali hiyo tumia pichi bendi, lile gurudumu la kupindisha sauti. Katikati yake ni 8192, na vinanda vingi vinatoka kiwandani gurudumu likipindisha toni moja kamili kila upande, yaani nusu toni mbili. Kwa hiyo nusu toni ni 4096, na robo ni 2048. Ukiweka 6144 umeshuka robo kamili. Rosegarden inaweza kukuandikia kama −2048, ni kitu kile kile.

Tatizo ni kuwa inaishusha chaneli nzima. Ukiipiga C pamoja na E, zote mbili zinashuka. Mimi nafanya hivi: ala moja naipa chaneli mbili. Ya kwanza haiguswi, inabeba C, D, F, G, A. Ya pili naiandikia −2048 mwanzoni kabisa mwa wimbo, na ndani yake naziweka E na B peke yake. Kuzihamisha noti ni kazi ya mikono, wimbo mmoja unaweza kukuchukua saa nzima, lakini faili hilo litalia rasti kwenye kinanda chochote ambacho gurudumu lake linapindisha toni moja kila upande.

---

Mtemani_Wete

Ustadh, na wimbo ukitoka rasti ukaingia bayati katikati? Hilo ni jambo la kila siku kwenye taarab.

---

Ng'ambo_Kinanda

Swali la mpigaji huyu. Bayati ya D inakwenda D, E robo, F, G, A, B bemoli (iliyoshushwa nusu toni), C. E yake ni ile ile uliyokwisha kuishusha. B bemoli ni ufunguo mweusi, 70, na ule hatukuugusa. Kwa hiyo faili la rast.txt linakuchukua kote kuwili bila kubadilisha kitu. Nahawandi, mizani nyengine, ikianzia C inatumia E bemoli, ufunguo mweusi, hiyo haina tabu. Shida inakuja pale wimbo unapotaka E au B kamili ya kizungu, kama ile B ya nahawandi inapopanda. Hapo tengeneza mizani ya pili, mfano "tuning kawaida 0 1", usiiguse, ivike chaneli nyengine kwa settuning, na vipande hivyo uvipeleke kule.

Kwa ndugu wa Pemba ambao intaneti yao ni ya kubahatisha: nikija nitawaletea vifurushi vyote kwenye fleshi. Apt-get inapakua kila kitu na kukiacha kwenye /var/cache/apt/archives, ila apt tupu huyafuta mafaili ikishamaliza kufunga. Unayanakili yale mafaili, unayafunga kwenye mashine nyengine yenye Debian hiyo hiyo na biti zile zile. Atakayekuja Unguja kwa boti anitafute kabla, nimpe.

Na mwenye betri iliyokufa kama mimi, kidole kisitoke kwenye Ctrl na S. Nimeshapoteza ubeti mzima wa fidla usiku wa mvua.

---

Mtemani_Wete

Tutashukuru sana. Tuambie basi, yule mzee wa ganuni alirudi?

---

Ng'ambo_Kinanda

Alirudi Ijumaa baada ya sala. Nilimwekea wimbo ule ule. Akasikiliza, safari hii mpaka mwisho. Akasema, "Imekaribia." Kisha akaivuta ganuni yake, akawa anaigonga E yake na kunitaka mimi nigonge yangu, mara kumi, ishirini. Akasema yangu iko chini kidogo, E ya rasti yetu haikai katikati barabara, inaning'inia juu kidogo. Nikawa nabadilisha ile nambari moja, 6350, 6354, 6360, yeye amefumba macho. Kwenye 6358 akanyanyua kidole. B akaniachia vile vile, lakini akanambia wimbo unaposhuka kutoka C ya juu niiache B ile nibonyeze ufunguo mweusi, kwa sababu ndivyo rasti inavyoteremka.

Kwa hiyo atakayetaka kuipata kama alivyoitaka yeye, badilisheni mistari minne ya E iwe hivi:

tune 0 0 40 3958
tune 0 0 52 5158
tune 0 0 64 6358
tune 0 0 76 7558

Wapigaji wa ganuni wengine wakiniletea nambari zao nitaziongeza hapa chini, kila mmoja na wimbo alioupimia.